Rozela Chini ya Mlango wa Mama

Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ina mita moja ya Luku na watu wanane. Yumo Mama. Yumo Shangazi, dada wa marehemu baba, aliyerudi kwao baada ya kufiwa na mumewe. Yumo kaka yangu mkubwa na mkewe, na watoto wao watatu: binti anayesomea uuguzi, kijana wa darasa la sita, na kitinda mimba wa miaka minne. Na yumo mdogo wetu wa mwisho, dereva wa bodaboda. Mimi ni mwalimu wa sekondari huko Muheza, na shuleni ndimi niliyekabidhiwa unasihi. Ugomvi wa nyumba za watu nausikia kila juma kupitia vinywa vya wanafunzi, na vitabu vyake nimevisoma. Lakini hakuna kesi iliyonionyesha yale niliyoyasoma kama hii ya nyumbani kwetu, ndiyo maana naiandika.

Chanzo ni friza. Wifi yangu aliinunua kwa fedha za upatu, akaiweka ukumbini, akaanza kuuza barafu za ubuyu, ukwaju na rozela. Biashara ikashika. Ilisaidia ada ya chuo, ilinunua sare za shule. Lakini friza inakula umeme, na mita haichambui uniti zipi zimekwenda kwenye barafu, zipi kwenye pasi ya kaka, zipi kwenye redio ya Shangazi. Hapakuwa na mpango wa nani anunue lini. Aliyeiona taa nyekundu ndiye aliyenunua, na mara nyingi aliyeiona alikuwa wifi.

Shangazi hakupata hata siku moja kumwambia, "Mwanangu, umeme unakwisha mbio, tufanyeje?" Alimwambia kuku. Alisimama uani akamsema kuku anayekula mtama wa wenzake. Alifagia ukumbi akauuliza ufagio siku hizi nyumba hii ni ya nani. Ijumaa alijifunga kanga ambayo maneno yake kila mtu aliyasoma na kila mtu alijifanya hakuyasoma.

Pwani tumelelewa na fumbo. Kwenye taarabu fumbo ni sanaa, na sitaki lipotee. Ila fumbo la jikoni lina ukatili wake: anayelengwa akijibu, huulizwa nani kamtaja, asipojibu, analala nalo. Mwaka 1988 watafiti wa Finland, Kirsti Lagerspetz, Kaj Björkqvist na Tarja Peltonen, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa miaka 11 na 12. Walionyesha kwamba uchokozi si ngumi na matusi tu. Upo uchokozi wa kuzunguka: kusengenya, kumtenga mtu, kumgeuzia marafiki zake. Anayeufanya huumiza bila kusimama mbele ya anayemuumiza, kwa hiyo hawezi kuulizwa. Niliposoma hayo nilimwona Shangazi na ufagio wake.

Wifi naye si mtu wa kupayuka. Alikuja kwetu msichana mdogo, amefundwa kwamba mke mwema hawajibu wakubwa. Hakuwajibu kweli. Mikono yake ndiyo iliyojibu. Chai ya Shangazi ilichelewa. Sukari ilisahaulika. Kanga za Shangazi zilianuliwa mwisho, mvua ikiwa imeshaanza. Mwaka 1945, wakati wa vita, daktari wa akili wa jeshi la Marekani, William Menninger, alieleza juu ya askari ambao hawakugoma waziwazi bali walizivuruga amri kwa kununa, kuchelewa na kufanya kazi nusunusu. Sisi nyumbani hali hiyo tuliiita upole. Tulimsifu wifi mbele ya wageni kwamba ana subira, na kila sifa ilimfungia mlango mwingine wa kusema yaliyomo moyoni mwake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kaka anafanya kazi bandarini. Mkubwa wake humfokea mbele ya vibarua, naye hawezi kujibu, ana watoto wa kusomesha. Akifika nyumbani, viatu vya kijana wake vikiwa mlangoni, inakuwa kesi. Kijana akishakemewa, huenda akamfinya mdogo wake. Mwaka 1939 wanasaikolojia watano wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiwamo John Dollard na Neal Miller, waliandika kwamba mtu akizuiwa kupata alitakalo hujaa uchokozi, na kama aliyemzuia ni wa kuogopwa, uchokozi huo hutafuta pa kuangukia pengine. Nadharia yao ilirekebishwa baadaye, maana si kila anayezuiwa hushambulia. Ila kule kuhama kwa hasira kutoka bandarini hadi kwenye shavu la mtoto wa miaka minne nimekuona kwa macho yangu.

Kaka ana imani moja ambayo wanaume wengi wanayo: kwamba akishafoka anakuwa mweupe, hana kinyongo. Brad Bushman, mtafiti wa Marekani, aliijaribu imani hiyo akachapisha matokeo mwaka 2002. Wanafunzi wa chuo walitukanwa kwa makusudi juu ya insha waliyoiandika, kisha baadhi wakapewa mfuko wa mazoezi ya ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewatukana. Hao ndio waliobaki na hasira kubwa zaidi, kuliko hata walioachwa wakae tu bila kufanya kitu. Kufoka ni mazoezi ya kufoka. Nilimsimulia kaka hayo, akasema wazungu hawana moyo kama wake.

Na kitinda mimba? Huyo alishajua dunia inavyokwenda. Anataka simu ya bibi yake aangalie katuni, akinyimwa, analia, akiendelea kunyimwa, anajitupa chini, anapiga sakafu kwa visigino mpaka Mama anampa. Gerald Patterson, aliyetumia maisha yake kuchunguza familia huko Oregon, aliueleza mtego huu vizuri. Mtoto anajifunza kwamba kelele zikizidi, anapata. Mtu mzima naye anajifunza kwamba akikubali, kelele zinakoma. Wote wawili wamelipwa papo hapo, kwa hiyo kesho watarudia, na kelele zitaanza juu kidogo kuliko za jana. Tukiwatazama Shangazi, kaka na mtoto yule, tulikuwa na nyumba ambamo kila mtu ana njia ya kupata anachotaka isipokuwa kukitaja.

Hali ndiyo hiyo ilipofika posa ya binti.

Wageni walikuwa waje Jumamosi saa nne asubuhi kutoka Pangani. Binti alimridhia kijana. Kilichomsumbua ni kwamba upande wa kijana ulitaka harusi ifungwe kabla ya Ramadhani, na yeye chuoni bado ana zaidi ya mwaka. Alinieleza hayo kwenye simu akilia, akanisihi nisimwambie baba yake. Niliheshimu ombi lake, nikamwambia tu kwamba neno hilo ni lake na siku moja italazimu litoke.

Ijumaa alasiri mdogo wetu alileta changu na kolekole kutoka soko la Deep Sea. Wifi akawatia kwenye friza, na juu yao akaweka ndoo ya rozela ya wageni ipate kupoa. Taa ya mita ilikuwa nyekundu tangu mchana. Wifi aliiona. Alikuwa amenunua mara kadhaa mfululizo bila mtu kuuliza fedha zimetoka wapi, akaazimia kwamba safari hii hanunui, na hasemi kwamba hanunui. Shangazi aliiona baada ya Magharibi, akaazimia mwenye barafu apate somo. Kaka aliiona akaamini mkewe ameshanunua. Binti aliiona akaogopa kuwa mtu wa kwanza kuitaja. Saa tatu usiku umeme ukakatika.

Nilishuka kwenye gari kutoka Muheza muda mfupi baadaye. Nyumba za majirani zinawaka, yetu giza, na watu wote wamo ndani, macho.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Umeme umekwisha, wifi," wifi akasema.

Sauti ya Shangazi ikatoka upande wa pili wa giza. "Wenye biashara wanajua."

Nikamwamkia shikamoo, nikatoa simu yangu ninunue. Shangazi akanikataza: aliyekuja kwenye shughuli halipi deni la nyumba. Namba ya mita sikuwa nayo, na waliokuwa nayo hawakuitoa. Simu zimejaa ndani ya nyumba ile, kununua Luku ni kazi ya dakika chache, na watu wazima wameketi gizani wakisikiliza barafu ikiyeyuka, kila mmoja anamngoja mwenzake avunjike kwanza. Nimefikiri sana juu ya usiku ule. Hakuna aliyempandishia mwenzake sauti. Jirani angepita angesema nyumba hii ina amani.

Usiku wa manane joto lilimwamsha kijana wa darasa la sita. Akapapasa mpaka kwenye friza atafute barafu, akaishika ndoo vibaya, rozela yote ikamwagikia samaki. Akafunika friza akarudi kulala kimya. Kile kizibo cha chini cha kutolea maji kilikuwa kimelegea siku nyingi, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelishughulikia. Rozela, maji ya barafu na damu ya samaki vikatoka taratibu, vikafuata mteremko wa sakafu, vikapita chini ya mlango wa Mama.

Mama huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Aliteremsha miguu kitandani akakanyaga ubaridi. Akawasha kurunzi. Akaona wekundu unaingia chumbani mwake kutoka ukumbini, katika nyumba ambayo kwa miezi watu wake hawakuwa wakitazamana usoni.

"Wamechinjana! Jamani, wameuana!"

Ukunga ule uliwatoa watu wa barabara mbili. Jirani wa kushoto alikuja na panga. Jirani wa kulia alikuja na ndoo ya maji, akidhani moto. Mjumbe alifika na msuli na singlendi, akauliza maiti iko wapi. Kaka alitoka chumbani mbio, akateleza kwenye rozela, akaanguka kwa mgongo mbele ya friza, na hapo ndipo mtu alipomulika tukaelewa. Samaki wa wageni walikuwa wekundu mpaka machoni, na wameshaanza kunuka.

Kaka aliinuka na hasira yote ya bandarini. "Wewe mwanamke huna akili! Siku zote uko hivyo! Nyumba imekushinda!" Shangazi akacheka puani: "Tulisema, tukaonekana wabaya." Wifi akageuza uso ukutani, akawa kama hayupo.

John Gottman na Robert Levenson walifuatilia wanandoa huko Marekani kwa miaka mingi, wakiwapima hata mapigo ya moyo huku wakibishana. Gottman anataja tabia nne zinazobomoa ndoa: kuushambulia utu wa mwenzako badala ya kulitaja kosa, dharau, kujitetea kila unaposemwa, na kujenga ukuta wa kimya. Anaiona dharau kuwa mbaya kuliko zote. Pale ukumbini tulikuwa nazo zote nne kabla jua halijatoka. Alieleza pia kwamba moyo ukishapita mapigo 100 hivi kwa dakika, mtu hawezi tena kusikiliza hata akitaka, na kwamba mwili unahitaji walau dakika 20 kutulia. Wifi ukutani hakuwa na kiburi. Mwili wake ulikuwa umejaa.

Kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba ndoo aliimwaga yeye. Kaka akainua mkono. Mama, ambaye hafiki begani kwa kaka, akaushika ule mkono kwenye kifundo.

"Humpigi. Nenda msikitini. Ukirudi tutazungumza." Akamgeukia Shangazi: "Wifi yangu, na wewe katawadhe." Kila mtu akatumwa upande wake.

Naomba niseme jambo hapa bila kuzunguka. Haya ninayoyasimulia ni ya nyumba ambayo mkono ulioinuliwa ulishikika. Ziko nyumba ambako haushikiki, ambako mke au mtoto anaishi kwa hofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajifunze kusema vizuri ni kumbebesha kosa la anayempiga. Huyo anahitaji watu wa kumtoa, anahitaji Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na mtoto anahitaji kuijua namba 116, ambayo Tanzania hupigwa bila malipo.

Wageni walikula mbaazi na mandazi ya majirani, na chai. Mjumbe aliuliza namba ya mita, wifi akaitaja kwa kichwa, binti akalipia kwa simu yake, na kazi iliyoshindikana usiku kucha ikaisha kabla chai haijachemka. Posa ikasomwa, mahari ikatajwa, wageni wakaaga.

Wakati tunaosha vyombo uani nilimuuliza wifi kama angependa kuzungumza kwenye kikao cha alasiri, yale mazungumzo aliyoyaahidi Mama. Akasema atalia. Nikamwambia alie, kisha aseme. Tangu mwaka 1962 huko California, Thomas Gordon alikuwa akiwafundisha wazazi namna ya kumwambia mtu kosa bila kumvunja: taja jambo lenyewe, taja limekugusaje, bila kumpachika jina la mzembe wala mchawi. Mwaka 1970 Robert Alberti na Michael Emmons waliandika kitabu cha kuwafundisha watu njia iliyo kati ya kunyamaza na kushambulia. Walio na shaka na mafunzo hayo huniambia yanawafaa watu wa Ulaya, kwetu yatawafanya wanawake wakose adabu. Siamini hata kidogo. Adabu yetu ina maneno ya kufungulia mlango wa jambo zito: shikamoo, naomba, niwie radhi, mama yangu. Anayeanza na hayo hajapunguza uzito wa anachokidai. Amehakikisha kimesikika.

Alasiri tuliketi mkekani. Wifi akaomba ruhusa.

"Mama, Shangazi, naomba niseme na naomba nisikatizwe. Luku nimekuwa nikinunua peke yangu miezi hii. Nikisikia maneno ya friza uani, naumia, usingizi sipati. Naomba tuwe na mpango wa umeme. Na mwenye neno na friza yangu, aniambie mimi."

"Kwani nani kakutaja?" Shangazi akasema.

"Shangazi, nakuheshimu. Mwenye neno na friza yangu naomba aniambie mimi."

"Mimi nilikuwa namsema kuku."

"Sawa, Shangazi. Likiwa ni la friza, naomba niambiwe mimi."

Machozi yalikuwa yakimtoka na sauti haikupanda hata kidogo. Manuel Smith alilieleza jambo hili mwaka 1975: usivutwe kwenye vichochoro, rudia ombi lako kwa utulivu. Nilimtazama Mama, naye alikuwa amefumba midomo makusudi, amemwachia mkwewe uwanja.

Shangazi akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekitarajia. "Pale mlipoiweka friza palikuwa na kiti cha kaka yangu. Nilirudi kutoka sokoni nikakikuta uani, kinapigwa na jua. Hamkuniambia. Nimefiwa na mume, nimefiwa na kaka, nikaona sasa na mimi natolewa."

Umeme haukuwa umeme, basi. Wifi alisogea akamshika mkono, akasema hakujua. Hapo kazi ikawa nyepesi: friza itahamia baraza ya nyuma, itafungwa mita yake ndogo ambayo wifi atailipia mwenyewe, Luku ya nyumba atanunua kaka, na kiti kitarudi mahali pake. Mdogo wetu akasema anamjua fundi.

Kaka alisema yeye hana la kuongeza. Mama akamwambia analo. Kaka akamgeukia kijana wake, akajikohoza. "Kumwaga ni bahati mbaya. Lakini kwa nini hukuniamsha ukaniambia?"

"Ungenipiga, baba."

Alisema hivyo bila ujeuri, kama anavyotaja saa. Kaka akainamisha kichwa. Akasema, "Kweli, ningekupiga. Nisamehe." Sikuwa nimewahi kumsikia akimwambia neno hilo mtoto, na sijui kama baba yetu alipata kutuambia sisi.

Ndipo binti alipotoka mlangoni alikokuwa amesimama, akapiga goti mkekani mbele ya baba yake.

"Baba, na mimi naomba niseme. Posa nimeiridhia na kijana nimemridhia. Ila chuo sitaki kukikatisha. Nimekuwa nikiogopa kukuambia. Naomba harusi iwe baada ya mtihani wa mwisho."

Kaka akamtazama Mama. Mama akamwambia ameombwa yeye.

"Wakikataa je?"

"Wakikataa, baba, heri tujue sasa kuliko baadaye."

Kaka akaomba namba ya mshenga, akapiga simu palepale, mbele yetu sote.